Ukienda Papenburg, anzia pale Liemba ilipoundwa

Sisi tuliokulia Kigoma tuliijua honi ya Liemba kabla hatujajua kusoma. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 Papenburg, mji mdogo kando ya mto Ems, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Nimekwenda huko mara tatu. Mara ya kwanza nilikimbilia kiwanda kipya cha meli, nikazitazama meli za kitalii, nikaondoka bila kufika mahali penye kutuhusu. Wewe usifanye hivyo.

Panda treni ya Münster kwenda Emden, ushuke Papenburg. Beba koti la mvua hata kama jua linawaka. Tembea hadi Hauptkanal, mfereji mkuu, uufuate polepole, maana mji wenyewe umezaliwa na mifereji. Dietrich von Velen aliuanzisha mwaka 1631 kwenye kinamasi. Watu walichimba mifereji kutoa maji, wakakata ule udongo mweusi, wakaukausha na kuuuza kama kuni. Kuusafirisha kulitaka mashua, na mafundi wa mashua wakaja kuwa mafundi wa merikebu za baharini. Mbele ya jengo la halmashauri ya mji imefungwa Friederike, mfano wa merikebu hizo, ya milingoti miwili. Simama hapo uone mfereji ulivyo mwembamba.

Kisha nenda Alte Werft, karakana ya zamani ya ukoo wa Meyer, waunda meli wa mji huo. Ukoo huo ulianza kuunda meli 1795, na mwaka 1975 ndipo walipohamia eneo kubwa zaidi. Karakana sasa ni hoteli na ukumbi wa maonyesho. Agiza kahawa, ukae. Graf Goetzen, ndiyo Liemba yetu, ilijengwa hapa, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaenda Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, waliifuata, wakaiunga upya pamoja na vibarua wengi wa Kiafrika. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Julai 1916, katikati ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiiachie adui, lakini kwanza injini zilipakwa grisi nene. Waingereza walipoiibua 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hiyo grisi huwa inanigusa sana. Ni mkono wa fundi asiyekubali kazi yake iozee majini.

Weka picha ya Liemba kwenye simu yako, ya karibu, ubavuni. Mimi nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akiwatembeza wageni. Hakuitazama meli nzima. Aliikuza picha hadi zikaonekana ribiti, vile vichwa vya chuma vya mviringo ambavyo utotoni nilivipapasa nikimsubiri bibi apakie magunia yake ya dagaa, akazifuata kwa kidole, safu kwa safu, kimya.

Baada ya hapo ndipo uende kiwanda kipya. Weka nafasi ya ziara mapema, na uulize kama kuna ya Kiingereza. Humo kuna gati lililoezekwa lenye urefu wa mita 504. Liemba ina mita 71, kwa hiyo zingeingia saba kwa mstari. Ukibahatika kufika meli mpya inapotoka, nenda ukingoni mwa Ems. Meli huteremshwa mtoni kinyumenyume ikishikwa na tagi, zile meli ndogo za kuvuta, na lango la maji la Gandersum, lililokamilika 2002, huzuia maji ili kina kiongezeke.

Ukiwa na siku ya pili, kodi baiskeli uende Von-Velen-Anlage, uone vibanda vya udongo walivyoishi wachimbaji wa kwanza.

Nilimpigia bibi simu ya video nikiwa pale mfereji mkuu. Akayatazama maji, akasema, "Mjukuu wangu, hapo hata mtumbwi wa babu yako ungegonga kingo. Sasa Liemba walikuwa wanaigeuzia wapi?"