Somo: Kuchapa saketi ya fedha kwa printa ya wino bila tanuri

Katika somo hili tutachapa njia za umeme juu ya karatasi. Nitakaa zaidi kwenye kemia, kwa kuwa ndiyo iliyoiondolea kazi hii tanuri. Madini ya fedha huyeyuka kwenye nyuzi joto 962 za Selsiasi, lakini mwaka 2013 watafiti Yoshihiro Kawahara, Steve Hodges na wenzao walionyesha kwamba printa ya kawaida inaweza kutoa saketi inayopitisha umeme bila kupashwa moto.

Hatua ya 1. Tafuta kwanza karatasi ya picha yenye tabaka la vinyweleo (vitundu vidogo sana), kabla hata ya kuwaza printa. Chembe za fedha zilizomo ndani ya wino, zenye upana wa makumi ya nanomita, zimevikwa utando unaozizuia zisishikamane na kuziba matundu ya printa. Utando huohuo, kwa bahati mbaya, huzuia pia umeme. Wino unapotua, vinyweleo hufyonza maji, kisha kemikali zilizomo katika tabaka la karatasi huubandua utando, nazo chembe hugusana na kuungana. Utaona weusi wa wino ukigeuka mng'ao wa madini.

Hatua ya 2. Tumia printa ya piezo, ambayo husukuma wino bila kuuchemsha. Vaa glavu, kisha jaza katriji safi kwa bomba la sindano lenye chujio.

Hatua ya 3. Chora mistari yenye upana wa milimita moja au zaidi, chapa kwa ubora wa picha, uache ikauke, kisha pima kwa multimeta (kifaa cha kupimia umeme) kama umeme unapita.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, karatasi ya kawaida ya A4 haifai?
Jibu: Haifai, ndugu. Wino huzama kati ya nyuzi zake, chembe zikatengana, na hakuna kemikali ya kuubandua ule utando.

Swali: Kwa nini tusitumie shaba, ambayo ni rahisi zaidi?
Jibu: Chembe ndogo za shaba hushika oksijeni ya hewani upesi, na oksidi inayotokea haipitishi umeme vizuri. Wanakemia huzikinga kwa utando mwingine au huiondoa oksidi hiyo baadaye, jambo linaloongeza hatua na vifaa.

Swali: Naweza kulehemu taa ya LED juu yake?
Jibu: Joto la risasi ya kulehemia litaharibu tabaka la karatasi pamoja na mstari wenyewe. Tumia gundi inayopitisha umeme.