Namna ya Kuonyesha Darasani Jinsi Lugha Inavyojengeka kwa Kujifunzwa na Kutumiwa

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka wanafunzi wake waelewe kwamba muundo wa lugha haukutungwa na mtu mmoja, bali ulijengeka kadiri lugha ilivyopokewa na kizazi kimoja baada ya kingine, hahitaji maabara. Zoezi lifuatalo linaifaa klabu ya lugha ya shule yoyote ya sekondari mkoani Dodoma. Msingi wake ni majaribio ya Simon Kirby wa Chuo Kikuu cha Edinburgh na wenzake, hasa lile la mwaka 2008, ingawa hapa yamepunguzwa ili yatoshee kipindi cha kawaida.

Kata karatasi ya manila upate kadi 12. Chora duara, pembetatu na mraba. Kila umbo liwe la rangi nyekundu au ya buluu, na liwe moja au mawili kwenye kadi. Usichore ng'ombe wala mbuyu, kwa sababu mtoto aliyekulia Bahi au Chamwino tayari ana majina yake kwa vitu hivyo, nayo yataingia katika zoezi bila kualikwa.

Kisha tunga lugha isiyo na mpangilio wowote. Andika silabi tisa, kwa mfano ga, hu, ke, lo, mi, ne, po, tu na wi, kwenye vipande vya karatasi, uvitie katika bakuli, na kwa kila kadi uchomoe vipande viwili hadi vinne bila kutazama. Likitokea neno la Kiswahili, kama “tupo”, litupe na uchomoe upya.

Gawa wanafunzi katika misururu mitatu, na hapa darasa lililojaa ni neema. Katika msururu wa kwanza, mwanafunzi mmoja anajifunza majina, anajaribiwa kwa maandishi, na majibu yake, pamoja na makosa yote, yanakuwa somo la mwanafunzi anayefuata, hadi wafike wanane au kumi. Asiambiwe kwamba majina hayo yalitoka kwa mwenzake. Mwambie tu ajitahidi kukumbuka.

Hatua ambayo walimu wengi watashawishika kuiruka ndiyo inayobeba zoezi zima: mwanafunzi afundishwe kadi sita tu, lakini aulizwe zote 12. Katika jaribio la 2008 kulikuwa na picha 27, na kila mshiriki alifundishwa takriban nusu yake. Anayekutana na kadi asiyoijua hulazimika kukisia kutokana na zile anazozijua, na makisio hayo ndiyo yanayoingiza utaratibu usiokusudiwa na yeyote. Mtoto mchanga naye yuko katika hali hiyo hiyo, kwa kuwa hakuna anayesikia sentensi zote za lugha yake kabla ya kuanza kusema. Ukimfundisha mwanafunzi kadi zote, utakuwa unapima kumbukumbu yake tu.

Tarajia msururu huu wa kwanza uwe mwepesi kujifunza lakini maskini wa maneno, jina moja likibeba kadi nyingi. Ndivyo ilivyotokea Edinburgh, mpaka watafiti walipoanza kuondoa katika mafunzo majina yaliyorudiwa kwa maana tofauti. Baada ya hapo zikajitokeza sehemu za maneno zenye maana: katika msururu mmoja, n- mwanzoni mwa neno ilionyesha rangi nyeusi, l- buluu na r- nyekundu, huku miishio ikionyesha namna picha ilivyosogea.

Badala ya mwalimu kuchuja majina, waache wanafunzi wenyewe wachuje kwa kuzungumza. Katika msururu wa pili, wanafunzi wawili wanaojifunza kadi zote wanakaa wakitenganishwa na kitabu kilichosimamishwa. Mmoja anaandika jina, mwenzake anachagua kadi, wanapata alama wakielewana, kisha wanabadilishana zamu. Ishara za mikono na Kiswahili ni marufuku. Wawili hao hao warudie mchezo kila kikao. Msururu wa tatu unafuata kanuni hizo hizo za mchezo, ila kila kikao wanaletwa wawili wapya, wanaofundishwa majina sita kati ya yale yaliyotumiwa mwisho na wenzao waliotangulia.

Linganisha misururu hiyo miwili kwa makini. Katika utafiti wa mwaka 2015, Kirby na wenzake waliona kwamba wawili wasiobadilika huelewana vizuri bila kujenga mpangilio, kwa kuwa wamezoeana na hawana mgeni wa kumfundisha, ilhali mpangilio ulikua pale wajifunzaji wapya walipokuwa wakiingia. Historia ya Lugha ya Alama ya Nikaragua inafanana na hilo: watoto viziwi walipokusanywa shuleni Managua kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto wadogo waliojiunga baadaye ndio walioifanya kuwa na utaratibu zaidi.

Kila kizazi, yaani kila mwanafunzi au kila kikao cha wawili, andika mambo matatu: majibu sahihi mangapi, majina tofauti mangapi, na kipande gani cha neno kinarudi kwenye kadi zinazofanana. Andika pia lugha ya nyumbani ya kila mshiriki. Anayesema Kigogo au Kirangi, ambazo ni za Kibantu, huenda akatafuta maana mwanzoni mwa neno; usidhani kwamba wa Kisandawe, ambacho si cha Kibantu, atafanya vivyo hivyo. Kirangi chenyewe, huko Kondoa, huweka kitenzi kikuu kabla ya kitenzi kisaidizi katika baadhi ya kauli za wakati ujao, jambo lililo nadra katika lugha za Kibantu, na baadhi ya wanaisimu hulihusisha na ujirani wa muda mrefu na lugha za Kikushi kama Kiburunge.

Msururu mmoja ukienda kinyume na matarajio, usiusahihishe. Anzisha mwingine kwa maneno mapya kutoka bakulini, kwa kuwa msururu mmoja ni mfupi mno kuthibitisha au kukanusha lolote.