Somo: Namna ya kuisoma The Great Gatsby darasani bila kutegemea muhtasari

Riwaya hii ya F. Scott Fitzgerald ilitoka Aprili 1925, na wanafunzi wengi wa sekondari Marekani hukutana nayo, mara nyingi darasa la 11, mwaka wa fasihi ya Kimarekani. Ni fupi: sura 9, na matoleo mengi hayafiki kurasa 200. Ufupi huo ndio mtego wake. Mtu anaimaliza kwa siku tatu, anajua nani alimpenda nani na nani alikufa, halafu kwenye insha anaambulia alama za kubahatisha.

Somo hili ni la anayeisoma kwa Kiingereza huku kichwa kikifikiri kwa Kiswahili. Wengi watakwambia ni riwaya ya mapenzi. Wewe anzia kwenye fedha: nani anazo, kazipata wapi, na kila kitu kimegharimu kiasi gani. Ukishajua hayo, mapenzi yao hayatakusumbua.

Andaa daftari moja, penseli za rangi tatu, na kitabu unachoruhusiwa kuandika ndani. Kama ni cha shule, tumia vipande vya karatasi vya kubandika.

Hatua ya 1: Panga siku 12

Sura ya 1 hadi ya 3, siku nne. Sura ya 4 hadi ya 6, siku nne. Sura ya 7 peke yake, siku mbili, kwa sababu ndiyo ndefu kuliko zote na kila kitu kinavunjikia humo. Sura ya 8 na ya 9, siku mbili.

Wengi hukwama kwenye kurasa za kwanza kabisa. Humo msimulizi, Nick Carraway, anatafakari tabia yake kwa sentensi ndefu zilizojikunja, na bado hujamjua mtu yeyote anayemtaja. Zipitie haraka, usifungue kamusi, nenda hadi pale anapoanza kueleza nyumba aliyopanga. Utazirudia ukimaliza sura ya 9, na utashangaa jinsi zilivyolainika.

Hatua ya 2: Chora ramani

Nusu ukurasa unatosha. Kulia weka rasi mbili za Long Island zinazotazamana, katikati ghuba ndogo. Rasi moja ni West Egg, wanakoishi matajiri wapya: kasri la Gatsby, mhusika mkuu, liko huko, na pembeni yake kijumba cha Nick. Ng'ambo ni East Egg, kwa matajiri wa kurithi: Tom na Daisy Buchanan. Kushoto kabisa weka jiji la New York. Kati ya West Egg na jiji weka bonde la majivu, lenye gereji ya George Wilson na bango la macho makubwa ya Daktari T. J. Eckleburg.

Ramani ni ya lazima kwa sababu kila anayekwenda mjini kujiburudisha hupita kwenye majivu. Ajali ya sura ya 7, gari linapomgonga na kumuua Myrtle, mke wa Wilson, inatokea hapohapo, na bila ramani utadhani ni bahati mbaya tu.

Hatua ya 3: Panga miaka

Matukio ya sasa yote ni ya mwaka 1922, wakati wa kiangazi. Ya zamani yanamwagwa vipandevipande na watu tofauti. Tengeneza safu mbili, mwaka na sura ulikoipata habari:

- Oktoba 1917, Gatsby na Daisy huko Louisville, Kentucky: Jordan Baker, rafiki wa Daisy, anasimulia sura ya 4, na mengine yanakuja sura ya 6 na ya 8.
- Juni 1919, Daisy anaolewa na Tom: sura ya 4.
- 1919, Gatsby anakaa Oxford miezi mitano: anakiri mwenyewe sura ya 7.
- Zamani zaidi, kijana James Gatz wa North Dakota, mwenye miaka 17, anabadili jina siku anayokutana na tajiri Dan Cody: sura ya 6.

Angalia hilo la Oxford. Wanafunzi wengi huandika kwamba Gatsby alidanganya kuwa alisoma huko. Alifika kweli, kwa mpango wa maofisa wa jeshi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Uongo wake una mbegu ya ukweli ndani, ndiyo maana Nick huwa anayumba, mara amwamini, mara amcheke.

Hatua ya 4: Fungua daftari la bei

Hapa ndipo penye nyama. Kila ukiona kiasi cha fedha, kiandike pamoja na sura yake. Utapata haya na mengine:

Kodi ya kijumba cha Nick ni dola 80 kwa mwezi (sura ya 1). Mbwa ambaye Tom anamnunulia hawara yake Myrtle ni dola 10 (sura ya 2). Gauni ambalo Gatsby anampelekea mgeni ambaye lake lilichanika kwenye sherehe ni dola 265 (sura ya 3). Mkufu wa lulu ambao Tom anampa Daisy siku moja kabla ya harusi una thamani ya dola 350,000 (sura ya 4). Urithi ambao Cody alimwachia Gatsby, na ambao hakuwahi kuugusa, ni dola 25,000 (sura ya 6).

Sasa piga hesabu. Gauni la mtu ambaye Gatsby hata hamjui lingelipa kodi ya Nick zaidi ya miezi mitatu. Mkufu wa Daisy ungeilipa zaidi ya miaka 364. Hesabu hizo mbili zikiwa ndani ya aya moja ya insha, mwalimu anaacha kusoma kwa kupitisha macho.

Na usiandike ghali tu. Myrtle anasema alimdharau mumewe alipogundua kuwa suti ya harusi ilikuwa ya kuazima, mwenyewe alipokuja kuidai. Nguo ya kuazima haisitiri maungo, wahenga walishasema, ila hapa aibu imegeuka kisingizio cha kumtafuta mwanamume mwenye suti yake.

Halafu sura ya 5: Gatsby anasema ilimchukua miaka mitatu kupata fedha za kununulia kasri. Nick anamkumbusha kwamba alisema amerithi. Gatsby anababaika, anatengeneza jibu jingine. Piga mstari hapo kwa rangi nzito. Tangu Januari 1920 hadi Desemba 1933, kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo kulipigwa marufuku Marekani nzima, kwa hiyo kila glasi inayotembezwa kwenye sherehe zake imepita njia za panya.

Hatua ya 5: Mkague msimulizi

Hapa ndipo kazi ya penseli tatu. Rangi ya kwanza: aliyoyaona Nick mwenyewe. Ya pili: aliyoambiwa. Ya tatu: anayokisia. Sura ya 8 utaona rangi ya pili na ya tatu zimejaa, kwa sababu Nick hakuwepo usiku ule Wilson alipokesha na jirani yake Michaelis, wala hakuwepo bwawani Gatsby alipouawa.

Nick anasema hapendi kuhukumu watu, kisha anahukumu kila anayemwona. Mwisho wa sura ya 3 anajitaja kuwa miongoni mwa watu wachache waaminifu anaowajua. Lakini ni ndugu wa mbali wa Daisy, alisoma chuo kimoja na Tom, na ndiye anayepanga Daisy akutane na Gatsby kwa siri. Hilo si kosa la mwandishi. Fitzgerald anakutaka umwangalie anayesimulia kama unavyomwangalia anayesimuliwa.

Hatua ya 6: Ishara

Taa ya kijani kwenye gati la Daisy inatokea sura ya 1, 5 na 9. Usiandike "kijani ni matumaini" ukaishia hapo. Sentensi hiyo ingefaa kitabu chochote. Andika kinachobadilika. Sura ya 1 Gatsby anainyooshea mikono gizani. Sura ya 5 Daisy yuko kando yake, na Nick anahisi taa imebaki taa tu. Kukipata kile kitu kumekipunguza.

Macho ya Eckleburg ni tangazo la daktari wa macho. Wilson ndiye anayeyafanya kuwa Mungu, katika sura ya 8, na Michaelis anamwambia papo hapo kwamba ni tangazo. Ukiandika "macho ni Mungu" bila kumtaja Wilson, umekosa nusu ya jambo.

Hatua ya 7: Insha

Tunga hoja kuu kwa Kiswahili kwanza, kwa sentensi moja, hadi iwe ya kubishika. "Riwaya inahusu ndoto ya Kimarekani" haibishiki. "Gatsby anashindwa kwa sababu East Egg inauliza fedha zilitoka wapi, haiulizi ni kiasi gani" inabishika. Kisha iandike upya kwa Kiingereza. Usiitafsiri neno kwa neno.

Kila aya iwe na dondoo fupi, isiyozidi mstari mmoja, ikifuatwa na sentensi mbili au tatu zako. Dondoo ndefu huonekana kama kujaza karatasi, na ndivyo ilivyo. Tumia wakati uliopo unapoeleza matukio.

Kosa letu kubwa: kiambishi "a-" hakisemi mwanamume wala mwanamke, kwa hiyo kwenye Kiingereza tunachanganya viwakilishi. Katika kitabu hiki kosa linaonekana haraka, maana Jordan ni mwanamke, mcheza gofu, mwenye jina ambalo wengi hulidhania la kiume. Ukimaliza insha, isome mara moja ukitafuta viwakilishi tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Naweza kuangalia filamu ya 2013 badala ya kusoma?

Marahaba. Angalia baada ya kusoma. Filamu hiyo inamweka Nick kwenye sanatoria akiandika kumbukumbu zake. Kitabuni hakuna kitu hicho. Pia baba yake Gatsby, ambaye sura ya 9 anakuja mazikoni, hayumo. Ukiandika la sanatoria kwenye insha, umejifichua kwa sentensi moja.

Kwa nini Myrtle alilikimbilia gari? Nimesoma mara mbili sielewi.

Fuata nani anaendesha nini. Kwenda mjini, Tom aliendesha gari la njano la Gatsby, akasimama kwenye gereji kununua petroli, na Myrtle akamwona kutoka dirishani. Kurudi, gari hilo lilikuwa na Gatsby na Daisy, na Daisy ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Myrtle alidhani ni Tom. Dondoo la ziada: Michaelis alimwambia polisi wa kwanza kwamba gari lilikuwa la kijani. Mashahidi wa riwaya hii hawaaminiki hata kwa rangi.

Mwalimu, vile vitabu vya maktaba ya Gatsby vina maana gani? Mlevi anashangaa kwamba ni vya kweli, halafu anafurahi kurasa hazijakatwa.

Zamani vitabu vingi viliuzwa karatasi zikiwa bado zimekunjwa na kuungana pembeni. Msomaji alizipasua kwa kisu kadiri alivyosoma. Kurasa zisizokatwa maana yake hakuna aliyesoma. Gatsby amenunua vitabu halisi, siyo maboksi yaliyopakwa rangi, lakini havijamfaa kitu. Huyo mlevi mwenye miwani ndiye karibu pekee kati ya wageni wa sherehe anayefika mazikoni. Waunganishe.

Mimi ni mzazi. Sura ya 1 Tom anaongea mambo ya rangi za watu hadi binti yangu akakifunga kitabu. Kwa nini wanasomeshwa haya?

Dada, hasira yake ni ya haki. Maneno yale yamewekwa mdomoni mwa mtu ambaye riwaya inamchora kama mbabe na mpumbavu, na yalikuwa maneno ya siku zile: mwaka 1924, mmoja kabla ya kitabu kutoka, Marekani ilipitisha sheria ya kubana wahamiaji kwa mafungu ya mataifa. Lakini tusimsafishe Fitzgerald kupita kiasi. Wolfsheim, Myahudi mshirika wa Gatsby, amechorwa kwa dhihaka za kibaguzi za wakati huo, na hizo zinatoka kwa Nick, siyo kwa Tom. Binti anaweza kuandika insha nzima juu ya hilo, na itakuwa nzuri.

Neno gani la Kiswahili linafaa kwa alichonacho Gatsby: tamaa?

Tamaa muachie Tom na Myrtle. Gatsby ana shauku. Tamaa hutulia ikipata kitu chake, walau kwa muda. Gatsby amempata Daisy na bado anataka aseme kwamba hajawahi kumpenda Tom, yaani miaka mitano ifutwe. Daisy analisema hilo kwa kusitasita hotelini, sura ya 7, kisha anakiri kwamba aliwahi kumpenda Tom, na hapo ndipo Gatsby anapompoteza.

Nakubaliana kasoro kidogo. Shauku yake ni ya Daisy au ya maisha ya Daisy? Gatsby anasema mwenyewe kwamba sauti ya Daisy imejaa fedha.

Umegusa penyewe. Ila usilazimishe kuchagua. Gatsby mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Andika hivyohivyo, ukitumia mashati ya Gatsby yanayomliza Daisy, sura ya 5, kama ushahidi.

Nakala ya bure ipo? Sina hela ya kununua.

Ipo, na ni halali. Nchini Marekani hakimiliki yake iliisha, ikawa mali ya umma tangu 1 Januari 2021. Hakikisha nakala ina sura zote 9 na haikurahisishwa. Zilizorahisishwa hukata bei na tarehe, yaani hatua ya 3 na ya 4 zote.

Mtihani ni baada ya siku nne na nimeishia sura ya 4. Nifanyeje?

Leo sura ya 5 na ya 6. Kesho sura ya 7 hadi wanapotoka hotelini. Keshokutwa umalizie ya 7 na usome ya 8. Siku ya nne sura ya 9, kisha zile kurasa za mwanzo wa sura ya 1. Usiku wa mwisho usisome kitu kipya: chora ramani na safu ya miaka bila kufungua kitabu, na pale utakapokwama, fungua sura hiyo peke yake.