Jino la kupandikiza: hatua, miezi na safari za kupanga ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Jino la kupandikiza lina vipande 3: skrubu ya titani (aina ya chuma) inayozama ndani ya mfupa wa taya (mara nyingi kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5, urefu wa milimita 8 hadi 13), kiunganishi kinachofungwa juu yake, na krauni, yaani jino lenyewe linaloonekana. Skrubu haigandishwi kwa gundi. Inashikwa na mfupa unaoota na kuing'ang'ania, jambo ambalo Mswidi Per-Ingvar Brånemark aliligundua mwaka 1952 akichunguza mifupa ya sungura. Mfupa hauna haraka, na kuuharakisha kunaweza kuharibu kazi.

Kabla jino halijang'olewa

Kama jino bovu bado limo kinywani, mwambie daktari mapema kwamba unataka kupandikiza baadaye. Atalikata vipande na kulitoa taratibu bila kuvunja ukuta wa mfupa, na pengine atajaza shimo kwa chembe za mfupa. Jino likishatoka, ukingo wa taya husinyaa: ndani ya mwaka 1 unaweza kupoteza hadi nusu ya upana wake. Aliyekaa na pengo miaka 10 mara nyingi huongezewa mfupa kwanza, na hapo ongeza miezi 4 hadi 6 pamoja na gharama yake.

Vipimo

Eksirei ya kawaida inaonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi unene. Dai picha ya CT ya taya, inayoonyesha mfupa kwa pande zote, hata kama itakubidi uisafirie. Humo daktari anapima nafasi: walau milimita 2 kutoka kwenye mshipa wa fahamu wa taya la chini, milimita 1.5 kutoka jino la jirani, na milimita 3 kati ya skrubu na skrubu. Anayetaka kutoboa sehemu ya magego ya chini kwa kupapasa kidole tu, muage uondoke. Mshipa ule ukiguswa, mdomo na kidevu vinaweza kubaki na ganzi maisha yote.

Mweleze magonjwa na dawa zako zote. Mwenye kisukari atangulize kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama 3. Kikizidi asilimia 8, ashushe sukari kwanza. Mwenye VVU anayemeza dawa zake vizuri na kinga yake iko juu anaweza kupandikizwa kama mtu mwingine. Aliyewahi kuchomwa sindano za kuimarisha mifupa, au kupigwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, aseme wazi, kwa sababu taya lake linaweza kushindwa kupona. Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Fizi zinazotoka damu zitibiwe kwanza. Kijana ambaye taya linakua asubiri: wasichana hadi miaka 18 hivi, wavulana karibu 21.

Bei na safari

Anayetoka Kyela, Ludewa au Makambako kwenda kwa daktari Mbeya au Iringa apange safari 5 au 6: vipimo, upasuaji, kutoa nyuzi, kukagua, kuchukua alama ya kinywa (umbo la kutengenezea krauni), na kufunga krauni. Bei uandikiwe kwenye karatasi ikitaja picha, skrubu, kiunganishi, krauni na mfupa wa kuongeza kama utahitajika. Malalamiko huweza kuanzia hapa: mtu ametajiwa bei ya skrubu peke yake, akadhani ni ya jino zima. Hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliulizi: skrubu huja na kibandiko chenye jina la mtengenezaji, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Omba kimoja, kibandike kwenye daftari lako la kliniki. Daktari akihama, mwingine hawezi kuihudumia skrubu asiyoijua, kwani kampuni nyingi zina bisibisi na vifaa vyake.

Siku ya upasuaji

Ni ganzi ya kawaida ya kung'olea jino, na kwa skrubu 1 kazi huchukua kama saa 1. Fizi hupasuliwa, kisha mfupa hutobolewa kwa keekee zinazopanuka hatua kwa hatua, kuanzia kama milimita 2, huku maji safi ya chumvi ya dripu yakimwagika muda wote. Maji hayo ni ya kupoza. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 huanza kufa, na skrubu iliyowekwa kwenye mfupa uliokufa hulegea baada ya wiki chache bila mgonjwa kujua kosa lilikuwa wapi. Utasikia mtikisiko na kelele. Maumivu makali hapana. Ukiyasikia, inua mkono uongezewe ganzi.

Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Chai ya moto iache hata kama ni Julai na baridi inakata, maana joto huyeyusha damu iliyoganda. Kula uji wa ulezi uliopoa, parachichi, mtori. Ulanzi na sigara weka kando. Sigara iachwe wiki 2 kabla na wiki 8 baada, kwa kuwa inabana mishipa ya damu inayolisha mfupa. Kuanzia kesho yake, sukutua taratibu kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu. Uvimbe hufikia kilele siku ya 2 au 3. Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi 10. Mdomo ukiwa bado na ganzi asubuhi inayofuata, piga simu saa hiyohiyo.

Kusubiri, kisha krauni

Taya la chini miezi 3 hadi 4, la juu 4 hadi 6 kwa kuwa mfupa wake ni laini. Usitafunie hapo kande wala mahindi ya kuchoma. Wakati wa krauni, kama nafasi inaruhusu, chagua ya kufungwa kwa skrubu ndogo kuliko ya kugandishwa: saruji (gundi ya meno) inayobaki chini ya fizi inaweza kuleta usaha, na ya skrubu inafunguka ikileta shida.

Jino hili halina utando wa kuhisi ulio kwenye mzizi wa jino la asili. Ukitafuna changarawe iliyosalia kwenye wali, unachelewa kushtuka na krauni inabanduka kipande. Pepeta na chagua mchele vizuri.

Mswaki mara 2 kwa siku, na kila usiku pitisha uzi au kibrashi chembamba pale krauni inapokutana na fizi. Damu hapo ni dalili ya mapema ya uvimbe wa fizi, na usipotibiwa mfupa unaweza kuanza kuliwa, tena kwa kawaida bila maumivu, basi usingoje maumivu. Krauni ikicheza, mara nyingi ni skrubu ndogo ya kiunganishi iliyolegea: usiizungushe wala kuitafunia, nenda ikakazwe. Ikiwa skrubu kubwa yenyewe inazunguka, mfupa haukushika. Itolewe, shimo lipone miezi 2 au 3, halafu picha ipigwe upya.