Viduara vya mwanga kwenye picha: jinsi ya kuvipima kabla ya kusema ni pepo

Picha imepigwa jioni msituni, flashi ikawaka, na ukija kuitazama unakuta viduara vyeupe vimeelea juu ya vichwa vya watu. Kimoja kina pete ndani, kingine kina ukingo wa zambarau. Waliokuwepo hawakuona kitu. Wengi huviita roho za msitu au za maji zilizojitokeza. Hapa tunaeleza namna ya kuipima picha kama hiyo, na namna ya kupima madai yenyewe bila kumdhalilisha anayeyaamini.

Kwanza ujue kiduara hutokeaje. Chembe ya vumbi, tone la manyunyu, chavua au mdudu mdogo akiwa sentimita chache mbele ya lenzi hupigwa na flashi na kuurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa kuwa yuko karibu mno, lenzi haiwezi kumfokasi, na ile nukta hutawanyika ikawa sahani yenye umbo la tundu la lenzi. Tundu la mviringo hutoa kiduara. Tundu lenye visu sita (vibamba vinavyolifunga na kulifungua) vilivyojifunga kiasi hutoa umbo la pembe sita. Karibu na kingo za picha sahani hubanwa na kuwa na umbo la limau.

Inang'aa kwa sababu ya umbali. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: chembe iliyo sentimita 10 kutoka kwenye flashi hupata mwanga mara 900 zaidi ya unaomfikia mtu aliyesimama mita 3. Kwa hiyo punje usiyoiona kwa macho inaweza kushindana na uso wa mtu. Na huwezi kuiona wakati unapiga, maana flashi ya kamera huwaka kwa takriban sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini ya hapo, na punje iko mbele ya lenzi, si mbele ya macho yako.

Kamera ndogo na simu ndizo zinazoongoza, na sababu ni vipimo vyake. Lenzi ya milimita 6 (urefu wake wa fokasi) kwenye f/2.8 (namba ya f huonyesha upana wa tundu: ikiwa kubwa, tundu ni dogo) ina tundu la milimita 2 hivi. Chembe iliyo sentimita 5 mbele yake hutoa sahani yenye upana wa karibu sehemu moja ya ishirini ya picha nzima: ndogo, iliyokolea, yenye ukingo safi. Kamera kubwa yenye lenzi ya milimita 50 kwenye f/2.8 ina tundu la karibu milimita 18. Sahani ya chembe iliyo karibu inakuwa kubwa kiasi kwamba mwanga wake unapotea, na tena flashi yake huwa imekaa mbali zaidi na lenzi, haimuliki hewa iliyo mbele ya kioo. Ndiyo maana viduara vilijaa kwenye albamu za watu kamera ndogo za kidijitali zilipoenea, mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuendelea. Wapigapicha wa chini ya maji wana adha hiyohiyo, na dawa yao ni kufunga taa kwenye mikono mirefu pembeni ya kamera.

Kuichunguza picha uliyonayo

Tafuta faili halisi kutoka kwenye kamera au simu iliyopiga. Picha iliyotumwa kwa programu za ujumbe mara nyingi imebanwa na taarifa zake zimefutwa. Ukiipima hiyo unapoteza muda.

Fungua taarifa za picha na uangalie kama flashi iliwaka. Iliwaka? Mshukiwa wa kwanza ni chembe. Haikuwaka? Tafuta taa, jua au mwezi ndani ya fremu au nje kidogo ya ukingo wake. Chora mstari kutoka kwenye chanzo hicho kupita katikati kabisa ya picha. Kiduara kikikaa juu ya mstari huo, ni mwanga uliorukaruka kati ya vioo vya lenzi. Kwenye simu huja kama nukta ya kijani au ya bluu, upande wa pili wa taa, kwa umbali uleule kutoka katikati. Ukiisogeza simu, nukta inahamia kinyume na taa.

Kisha fungua picha zilizotangulia na zilizofuata. Kiduara kinachokaa palepale kwenye fremu, hata mandhari yakibadilika, kiko juu ya kioo: tone la maji au alama ya kidole. Vumbi lililonasa kwenye sensa, yaani kipokea-mwanga kilicho ndani ya kamera, nalo halihami, lakini lenyewe hutoka doa jeusi na huonekana zaidi kwenye f/16 au f/22. Kinachobadilika mahali kila picha kinaelea hewani.

Hoja inayowatega wengi ni hii: "Kiduara kiko nyuma ya tawi, kwa hiyo kiko mbali." Iangalie kwa makini. Sahani ya mwanga huongeza mwanga juu ya kilichopo. Ikipita juu ya majani meusi inaonekana wazi. Ikipita juu ya shati jeupe au tawi lililomulikwa na flashi, nyongeza hiyo haionekani, na jicho linasoma kwamba tawi limeikata. Punguza mwangaza wa picha, ongeza kontrasti, ukuze sehemu hiyo hadi pikseli zionekane. Mara nyingi ukingo wa kiduara unaendelea kwa hafifu juu ya tawi. Ila kama tawi limemulikwa kupita kiasi hadi kuwa jeupe tupu, hakuna cha kupima, na usidai kitu kwa upande wowote.

Sura ndani ya kiduara tusiipe uzito. Pete na madoa ya ndani hutokana na umbo la chembe na jinsi mwanga unavyopinda ukingoni mwake. Juu ya hayo, faili za JPEG hubanwa kwa vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na ukikuza sana unaona vijisanduku. Ubongo wa binadamu ukipewa madoa matatu unatengeneza macho na mdomo.

Michirizi na vijinyoka vya mwanga ni jambo jingine. Taa ya simu hubaki ikiwaka muda wote wa kupiga. Lenzi ikiachwa wazi sekunde 1/15, mdudu anayeruka huacha mstari wenye vifundo, na kila kifundo ni pigo la bawa. Nukta za kijani-manjano kwenye picha ya msituni iliyoachwa wazi sekunde 20 bila flashi ni vimulimuli. Wazuri, na ni hai.

Jaribio la kufanya mwenyewe

Chumba chenye giza, kamera juu ya stendi, ukuta mweusi au pazia jeusi mita 3 mbele. Acha hewa itulie dakika 15, upige picha 10 kwa flashi. Kung'uta mto au zulia kuukuu mbele ya kamera, mkung'uto mmoja unatosha, kisha upige 10 nyingine. Halafu puliza maji kwa chupa ya kupulizia yenye tundu jembamba, 10 tena. Funika flashi, weka taa pembeni mita 1 kutoka kwenye lenzi, rudia vumbi lilelile. Utaona viduara vinajaa, kisha vinapungua sana au kwisha taa ikihama. Vya vumbi huwa na madoa ndani. Vya maji huwa laini na duara zaidi. Kosa la kawaida ni kurusha unga mwingi badala ya vumbi: unapata ukungu mweupe badala ya viduara, na unga ukiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi unaikwamisha. Pumzi ya siku ya baridi nayo hutoa mawingu yanayojikunja, kwa hiyo ishike unapobonyeza.

Kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni kamera mbili. Zifunge sambamba, lenzi zikiwa sentimita 6 hadi 10 mbali, zipige kwa pamoja. Kitu kilicho mita 3 mbele kitaonekana kwenye zote, kimehama kidogo tu. Chembe iliyo sentimita 5 mbele ya moja haitaonekana kwenye ya pili, au itaonekana mahali tofauti kabisa.

Kupima madai ya kuitikiwa

Imani katika pepo wa asili haikungoja kamera. Wagiriki wa kale walikuwa na nimfu wa chemchemi na wa miti. Wajapani wana kodama, roho za miti. Paracelsus, daktari wa Uswisi, katika karne ya 16 aliandika juu ya viumbe wa maji, hewa, ardhi na moto. Kumwondolea mtu kiduara hakumwondolei imani yake, na usijifanye kwamba kumemwondolea.

Lakini dai la "tuliziita zikaja" linapimika. Piga picha 40 mahali pamoja, ndani ya saa moja. Kabla ya kila picha, mtu mmoja arushe sarafu: kichwa, aite kimoyomoyo, mkia, asiite. Aandike bila kumwonyesha mpigapicha. Wote wasimame tuli, kwa sababu kucheza na kutembea hurusha vumbi na nyuzi za nguo, na hapo ndipo sherehe nyingi hupatia viduara vyake. Mtu wa tatu, asiyejua sarafu ilisemaje, ahesabu viduara. Linganisheni wastani wa kila upande mwishoni, si katikati ya zoezi.

Jihadharini na swali lisilo sahihi. Mwaka 1917 huko Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na Frances Griffiths walipiga picha za vijitu vyenye mabawa. Mtaalamu aliyezikagua hasi (negativu za picha hizo) alisema hazikuchezewa, na Arthur Conan Doyle, mwandishi wa hadithi za Sherlock Holmes, akaziandika kwenye jarida la The Strand Magazine mwaka 1920. Katika miaka ya 1980 wenyewe wakakiri kwamba vilikuwa vikaratasi vilivyokatwa na kushikizwa kwa pini za kofia. Hasi zilikuwa safi kweli; ila hazikusema ni nini kilichosimama mbele ya lenzi.

Ukitaka picha zisizo na viduara

Futa lenzi kwa kitambaa laini. Zima flashi, pandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 1600, tumia stendi. Flashi ikihitajika, itoe kwenye kamera na uishike sentimita 30 au zaidi pembeni. Kwa taa kali za pembeni, kinga lenzi kwa kiganja. Kamera ya ulinzi yenye taa za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) huonyesha "roho" usiku kucha kwa sababu ya wadudu na nyuzi za buibui. Zima taa zake za ndani, funga taa ya infraredi mita 1 au 2 kando, na upitishe ufagio kila wiki.

Picha ikivuka vipimo vyote, hifadhi faili bila kuihariri, andika saa, hali ya hewa, umbali wa vitu na mahali taa zilipokuwa, kisha rudi saa ileile na kamera mbili.