Liache Joka Kwanza: Namna ya Kuandika Maoni ya Riwaya ya Fantasia

Maoni mengi ya riwaya za fantasia huanza na ramani: falme ni ngapi, uchawi una kanuni zipi, joka linatema nini. Nafika aya ya tatu na bado sijui kitabu kilimfanya nini aliyekisoma. Riwaya ikibebwa na mhusika, anza na mhusika.

Soma ukiwa na penseli. Weka alama pale tu mhusika anapoamua jambo, anapodanganya, au anaponyamaza ilhali angeweza kusema. Mimi huvizia zaidi hapo pa kunyamaza.

Ukimaliza, kabla hujasoma maoni ya mtu mwingine, jibu kwa sentensi moja: huyu anataka nini, na anaogopa nini? Ukikosa jibu, rudi kwenye alama zako. Ukilikosa na huko, pengine mwandishi hakumjenga mtu, na hilo nalo ni la kuandika.

Kisha chagua uamuzi mmoja ukae nao. Chukua A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyotoka mwaka 1968. Ged, kijana mwenye kipaji na kiburi, anachokozwa na mwanafunzi mwenzake, Jasper. Ili kujionyesha, anaita roho ya mfu, na kivuli kinachopenya hapo kinamrarua uso. Ukieleza jinsi alivyoiita roho, umeeleza uchawi. Mimi ningeuliza kwa nini maneno ya Jasper yalitosha kumfikisha huko. Baadaye kivuli kinamwinda, hadi mwalimu wake wa zamani, Ogion, anapomshauri ageuke akiwinde yeye. Ged haongezewi nguvu yoyote. Kilichogeuka ni upande anaoelekea. Hapo pana kurasa mbili za maoni.

Jaribu pia kuuondoa uchawi kichwani. Je, ugomvi ule ungeeleweka kati ya vijana wawili wa kawaida? Ungeeleweka, tena vizuri mno. Basi sasa uliza uchawi umeongeza nini. Jibu langu: umeipa hofu ya Ged mwili na miguu ya kumfuata.

Hisia zako ziweke, ila zifunge kwenye tukio. Kusema “Nilimpenda Vetch”, yule rafiki wa Ged, haitoshi. Sema ni pale anapopanda mashua na rafiki yake kwenda kukitafuta kivuli, safari ambayo hakuna aliyemlazimisha. (Kwangu mimi Vetch anampita Ged, na niko tayari kubishana.)

Muhtasari wa hadithi usizidi sentensi tatu, na usiutangulize. Theluthi ya mwisho ya kitabu usiiguse; kama hoja yako haisimami bila mwisho, mwonye msomaji kwenye mstari wa kwanza kabisa. Halafu yakague majina yote ya kubuni, herufi kwa herufi. Aliyekipenda kitabu akikuta umekosea jina la mhusika, haendelei kusoma.