Saini Ukiwa na Akili Timamu: Hati za Uzeeni kwa Tulioko Uingereza

Simu iliingia saa tano usiku, ndiyo kwanza nimetoka shifti kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kea. Alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Mumewe amepigwa na kiharusi, hasemi, hashiki kalamu. Yeye kwa nia njema akaenda kuwaeleza benki, na benki wakazuia akaunti yao ya pamoja. "Mwanangu, kwani mimi si mkewe? Miaka 34!"

Kwa sheria ya England na Wales, ndoa peke yake haikupi mamlaka ya kusaini kwa niaba ya mwenzako. Wala kuwa kifungua mimba. Wala jina lako kuandikwa hospitalini kama ndugu wa karibu. Kwetu mzee akiugua, ukoo unakaa kikao na jambo linaamuliwa. Huku wanataka karatasi, na karatasi hiyo lazima mwenyewe awe ameisaini mapema, akili zake zikiwa timamu. Akishapoteza uwezo wa kuamua, mlango huo umefungwa. Inabaki kwenda Court of Protection, mahakama ya mambo ya watu waliopoteza uwezo huo, kuomba uteuliwe kusimamia mambo yake: miezi ya kusubiri, mamia ya pauni za ada, kisha ada ya usimamizi kila mwaka. Njia hiyo ndiyo aliyoipita yule mama.

Karatasi yenyewe inaitwa lasting power of attorney, au LPA: hati ya kumteua mwakilishi wa kuamua kwa niaba yako. Ziko mbili. Moja ni ya mali na fedha: benki, nyumba, bili, pensheni. Nyingine ni ya afya na matunzo: utibiwe vipi, uishi wapi, nani akuhudumie. Wengi wetu tunajaza ya fedha tunaishia hapo, na kwa niliyoyaona kazini, tunakosea. Nimeona watoto wanaolipa kila kitu lakini hawana kauli ya mwisho mama yao ahamishiwe wapi. Ya afya huanza kazi pale tu unapopoteza uwezo wa kuamua; ya fedha inaweza kutumika hata ukiwa mzima, ukiridhia.

Ukichagua wawakilishi wawili, tazama sana kisanduku cha namna watakavyoamua. Ukiweka kwamba lazima waamue pamoja kila mara, mmoja akifa au akijitoa, hati nzima inaweza kuanguka. Weka kwamba wanaweza kuamua pamoja au kila mmoja peke yake, na uandike mtu wa akiba. Anayeishi Nairobi au Dar anaruhusiwa kuwa mwakilishi, lakini daktari akitaka jibu la haraka, aliye karibu ndiye atakayekufaa.

Unaweza kujaza kwenye tovuti ya serikali, kisha unachapisha na kila mtu anasaini kwa kalamu. Hapa ndipo fomu nyingi zinaporudishwa, kwa tarehe kupishana. Unaanza wewe mbele ya shahidi. Anafuata mthibitishaji, ambaye kazi yake ni kuhakikisha umeelewa na hukulazimishwa. Awe mtu anayekufahamu kwa miaka 2 au zaidi, au mtaalamu kama daktari au wakili, lakini asiwe ndugu yako. Wawakilishi wanasaini mwisho. Kwenye fomu ya afya kuna sehemu ya 5, inayouliza kama mwakilishi ataweza kukubali au kukataa matibabu ya kukuweka hai. Msiijaze kwa haraka mezani. Kaeni kwanza, muongee, hata kama maneno yanakwama kooni. Kila hati inasajiliwa kwa pauni 92 tangu Novemba 2025, na mwenye kipato cha chini ya pauni 12,000 kwa mwaka anaweza kuomba kulipa nusu. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana sheria zao.

Nyumbani je? Usitegemee LPA ikuuzie kiwanja cha Kigamboni au Kitengela. Kule unahitaji hati ya uwakili iliyotengenezwa kwa sheria za kule. Na jihadhari: hati ya uwakili ya kawaida hukoma aliyeitoa anapopoteza akili, yaani wakati uleule mnapoihitaji. Tafuta wakili wa nchi husika mapema, na wosia uandikwe, maana LPA nayo inakufa na mwenyewe. Suala la kuzikwa huku au kusafirishwa liko mikononi mwa mtekelezaji wa wosia.

Kuna hili la gharama, ambalo watu wanadanganyana sana. England, ukiwa na akiba na mali zaidi ya pauni 23,250, kaunsili, yaani serikali ya mtaa, kwa kawaida haikulipii nyumba ya wazee. Nyumba yako ya huku haihesabiwi ikiwa mwenzi wako bado anaishi humo. Ile ya Nyali inaweza kuhesabiwa; mali ya ng'ambo ni mali. Na kumwandikisha mdogo wako shamba ili lisionekane hakusaidii: kaunsili ikiona ulilitoa ili ukwepe kulipa, italihesabu kama bado ni lako. Ile "miaka saba" mnayoisikia, kwamba ikishapita mali uliyoitoa haihesabiwi tena, ni ya kodi ya mirathi, haihusiani kabisa na hili.

Yule mama aliposaini hati zake mwenyewe, tulikaa jikoni kwangu. Tulipofika sehemu ya 7, ya mapendekezo, akauliza kama ni lazima yawe mambo makubwa. Nikamwambia hapana. Nimewahudumia wazee ambao maradhi ya kusahau yaliwafutia Kiingereza chote, ikabaki lugha ya utotoni, na shifti nzima hakuna wa kuwajibu. Akaandika polepole, kwa herufi kubwa: nisemeshwe Kiswahili, uji wangu usitiwe maziwa, na asinioshe mwanamume.